Mtawa wa Kusuma na Vidole Viwili vya Kivuli

Kila mmoja wenu keshasikia yake. Mmoja kasikia kwamba nimebadili dini. Mwengine kasikia nilikwama kwenye maji ya wadi na Mhindi aliyejifunga shuka. Nimechoka kuhadithia upya kila anapokuja mtu sablani, baraza langu la wageni, kunywa kahawa yangu, basi nimekaa niandike mwenyewe, mara moja, nimalize. Mkono wangu mzito. Skuli niliiacha Unguja darasa la nne, na kazi yangu ya kwanza hapa Ibra, huku Arabuni, ilikuwa kubeba saruji mgongoni. Leo matofali ya nyumba mnazolala mengi yametoka kiwandani kwangu, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha maandishi.

Kusuma mnamjua. Ni yule Msinhala aliyekuja kutoka Sri Lanka kumuuguza marehemu mama mkwe wangu, akabaki kwetu, na mwaka huu ni wa ishirini na mbili. Kiswahili kajifunzia jikoni kwa mke wangu Zuwena, na akikasirika anakisema vizuri kuliko wanangu. Karibuni alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kapasuliwa, anakaa kitini, akitembea mpaka ashikwe. Hali iko hivyo ndipo simu ikaja: mama yake kafariki kijijini kwao, Ijumaa asubuhi. Daktari kamkataza kupanda ndege.

Hakulia mbele yetu. Kasema hivi tu: "Baba, siku ya saba mtawa lazima ale chakula nilichotoa mimi, thawabu imfikie mama. Ndugu zangu watatoa kule, lakini mtoto mkubwa ni mimi. Nisipotoa, mama anaondoka bila kitu changu."

"Siku ya saba lini?"

"Alkhamisi."

"Alkhamisi mtawa wenu atakula nyumbani kwangu."

Zuwena akanikata jicho. Tulipobaki wawili akaniambia, "Unaahidi kitu hukijui hata kinavaa nini."

Kweli, sikijui. Lakini mama yangu alizikwa Unguja mimi niko hapa na saruji mgongoni, sikupata kutia hata konzi ya mchanga. Sikutaka mtu mwengine yampate hayo chini ya dari langu.

IBRA HADI SUR, JUMATATU

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijatia gari moto. Sisi hapa Muibadhi na Msunni tunasimama safu moja. Akitangulia huyu, yule anafuata, na hakuna anayeuliza. Nikajisemea, na hawa Mabudha watakuwa hivyo hivyo. Nikipata Mbudha yeyote mwenye elimu kidogo, namleta, anasoma, anakula, tumemaliza.

Wasinhala wa Ibra walimwambia Kusuma kwamba mtawa aliyekuwa akija kuwazuru kesharudi kwao. Lakini dereva wangu mmoja wa lori akasema Sur kuna Mjapani, injinia, Mbudha, kichwa kanyoa, kila asubuhi anasoma mbele ya kisanduku cheusi. Ikanitosha. Nikamchukua binti yangu Rayya, anayefundisha chuoni, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye bei ya saruji. Akaomba ruhusa kazini akinung'unika.

"Baba, mtu wenyewe umempigia simu?"

"Nampigia nimwambie nini? Nakwenda kumtazama uso."

Tulifika Sur kabla ya adhuhuri, na tukamngoja mpaka saa tisa kwa sababu alikuwa kazini. Tulikula samaki wa kuchoma na wali katika mkahawa mbele ya nyumba yake, nami macho mlangoni. Alipokuja, niliona kweli kichwa kinang'aa. Jina lake Bwana Mori. Akatukaribisha, tukavua viatu wote watatu kwa pamoja, hapo nikampenda.

Rayya akamweleza. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa adabu, akajigusa kichwa.

"Anasema hana nywele kwa sababu ya uzee," Rayya akanifasiria. "Yeye siyo mtawa. Injinia tu."

"Na kisanduku?"

Kisanduku kilikuwepo, na ndani mna picha ya baba yake na mama yake. Nikauliza, sasa nyinyi mmeipata wapi dini hii, Japani na Bara Hindi wapi na wapi? Bwana Mori akachukua karatasi akachora. Mwalimu wao Buda alifundisha Bara Hindi. Miaka mingi baada yake walitokea wanafunzi waliosema kuzinduka si kwa watawa tu, kila mtu anaweza, na aliyezinduka asijiokoe peke yake, awarudie wengine. Wakaiita Mahayana, yaani chombo kikubwa, cha kuchukua watu wote. Hiyo ikatembea na misafara ya wafanyabiashara kwa nchi kavu mpaka Uchina, ikatoka hapo ikenda Korea, ikavuka bahari ikafika kwao. Na kila ilipofika ikazaa matawi. Kwao Japani wako wanaokaa kimya wameelekea ukuta, na wako wanaoita jina la Buda mmoja wa magharibi anayepokea wafu. Nyumba ya Bwana Mori ni ya hao wa jina.

"Na mashekhe wenu wanaoa?" nikauliza.

"Wengi wanaoa. Mtoto anarithi hekalu la baba."

Nikaona sawa kabisa. Nikampigia Kusuma nimwambie nimepata mtu, si mtawa lakini anajua kusoma, na kaahidi kuja. Kusuma akasema polepole, kama anayemwambia mtoto:

"Baba, huyo mtu mzuri. Mshukuru. Lakini kwao wanahisabu siku arobaini na tisa, na hajakula kiapo. Mimi nataka mtawa wa kwetu. Kavaa manjano, hana mke, hashiki pesa."

"Si nyote Mabudha?"

"Na wewe na yule jirani wa Kihindi mlioapizana juu ya ukuta, nyote Waislamu."

Rayya alicheka mpaka akatoka nje. Bwana Mori alitupa boksi la keki za maharage, tamu kidogo kama zimesahauliwa sukari. Tukarudi Ibra mikono mitupu, nami nimekunja uso.

DIMA WA TAYYIN, KISHA IZKI

Jumanne nzima nilipiga simu. Kila anayejua Mbudha anajua mpishi au fundi wa umeme. Jioni rafiki yangu mwenye shamba Dima wa Tayyin akaniambia anaye Mnepali, Dorji, mchunga mbuzi, baba yake alikuwa kiongozi wa dini huko kwao. Rayya akasema safari hii tumpigie kwanza. Nikamwambia milimani kule simu inakwenda inakatika, twende. Nimesema ukweli, ila pia sikutaka kukataliwa kwa simu.

Jumatano asubuhi tulipanda. Njia ile mnaijua, kona juu ya kona, na Rayya kashika mkono wa mlango kama mtu anayening'inia. Dorji tulimkuta anawafunga mbuzi dawa ya miguu. Kiarabu chake cha kazini, lakini tulisikilizana bila ya Rayya.

"Baba yangu lama," akasema. "Lama kwetu anaoa, ana ngoma, ana baragumu. Mtu akifa lama anamsomea sikioni, anamwonyesha njia: hapa kushoto usiende, hapa mwanga, nenda. Roho imepotea, sasa lama dalili wake, kiongozi wa njia."

Nikamuuliza yao imetoka wapi, maana nilishaonja. Akaonyesha juu kwa kidole, kama kwamba Tibeti iko nyuma ya jabali la Dima. Ilitoka Bara Hindi hiyo hiyo, akasema, lakini baadaye, katika madrasa zao kubwa za mwisho. Mwalimu anampa mwanafunzi maneno ya siri, mdomo kwa sikio, hayaandikwi ovyo. Wakapanda nayo milimani. Wanaiita Vajrayana, chombo cha radi. Haraka, akasema, lakini ukikosea inakuunguza.

"Wewe unayajua hayo maneno?"

Akatizama mbuzi wake. "Mimi nilikimbia masomo, arbab, bwana wangu. Baba alinipiga, nikakimbia. Sasa mbuzi." Kisha akauliza, "Huyo mama anataka nguo nyekundu au nguo ya njano?"

"Njano."

"Basi si sisi. Sisi nyekundu." Akapangusa mikono. "Lakini njano nimesikia. Binamu yangu anasafisha hospitali Nizwa. Anasema yuko nasi mmoja, muuguzi, wa Kisinhala, kaja mjomba wake kumzuru, mzee, kichwa hana nywele, nguo ya njano. Wafanyakazi wote wanamwinamia."

Nilimkumbatia Dorji na harufu zake zote. Akampigia binamu yake pale pale, juu ya jiwe moja ambapo simu inashika, tukapewa nambari ya nasi. Mzee yupo. Anaondoka nchini Jumamosi.

Hapo mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja. Lakini ukipita Izki na sahibu yangu Abu Salim anajua umepita, utaishi na lawama mpaka kufa. Nikasema tutasimama dakika tano. Ikaja kahawa, tende, halwa, matunda yamekatwa. Tulipoinuka likaja sinia la wali na nyama. Rayya ananikanyaga mguu chini ya kitambaa.

"Baba, ile nasi anaingia kazini saa kumi na mbili."

"Kula."

"Baba!"

"Kula, mwanangu, ndiyo njia ya kutoka."

Tulitoka Izki saa kumi na nusu, nimeshiba kwa khofu.

NIZWA

Nasi alitungoja mlangoni na sare yake ya kazi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nguo ya njano, bega la kulia wazi, miguu mitupu. Macho yake yalinitazama bila haraka. Nimesalimiana na mawaziri sikupata kuhisi natazamwa hivyo. Nikamweleza kupitia Rayya: Kusuma, nyonga, mama, siku ya saba. Akatikisa kichwa. Atakuja. Hakuuliza mbali wala karibu.

Furaha ikanipanda, nikafanya kosa langu la pili, na hili ningelifanya tena, maana ndivyo nilivyolelewa. Nilimpigia Zuwena mbele yake, kwa sauti, "Mchinjieni mgeni yule beberu mkubwa!" Kisha nikamwambia Rayya amfasirie, ajue kapewa heshima gani.

Rayya akamfasiria. Mzee akaweka mkono kifuani, akasema maneno machache.

"Baba," Rayya akasema, "anashukuru sana. Lakini hawezi kumla huyo mbuzi."

"Hali nyama?"

"Anakula anachopewa. Ila akijua mnyama kachinjwa kwa ajili yake, haruhusiwi. Ungemchinja ukanyamaza, angekula."

Fikirini. Miaka sabini na kitu nimefundishwa mgeni aambiwe kachinjiwa, na hapa kuambiwa ndiko kunakoharibu. Nikampigia tena Zuwena. Beberu keshachinjwa. Nikamwambia basi, atakuwa wa majirani, Kusuma apike dengu na mboga. Zuwena akasema Kusuma keshakaa jikoni kitini anakuna nazi tangu aliposikia, na hataki kusaidiwa.

"Na chakula saa ngapi?" nasi akaniuliza.

"Baada ya sala ya adhuhuri, inshallah, kama watu wote."

Nasi akashika kichwa. Mtawa wa kwao jua likishapinduka hatii kitu mdomoni mpaka kesho alfajiri. Saa yetu ya kufunua sinia ndiyo saa yake ya kufunga mdomo. Basi lazima tuwe Ibra kabla ya adhana. Nikasema, Nizwa na Ibra saa mbili na kitu, tutafika na kulala kidogo.

NJIA YA SINAW, ALKHAMISI

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mzee kakaa mbele, bakuli lake jeusi mapajani, Rayya nyuma. Nikamwambia Rayya amuulize: kwa nini adhuhuri? Dakika kumi tu zingemdhuru nini?

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, umeuliza jambo lililotugawa.

Haya nayasimulia kama nilivyoyapokea. Mwalimu wao alipokufa, wanafunzi walikusanyika wakayasoma maneno yake kwa pamoja, kwa moyo, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Kama miaka mia ikapita. Wakatokea watawa wa mji mmoja wakalegeza mambo: kuweka chumvi katika pembe kwa kesho, kupokea dhahabu na fedha, na kula hata kivuli cha jua kikishapita adhuhuri kwa upana wa vidole viwili. Vidole viwili! Wakabishana, wakaitwa wazee kuamua. Wazee wakakataa yote. Mzee akasema, wako wanaotoa sababu nyengine za mfarakano, na wasomi hawajakubaliana, lakini kwao wamepokea hivi. Baadaye wakawa makundi mawili: la wazee, na la jamaa wengi. Makundi hayo yakagawika tena na tena, mpaka yakafika kumi na zaidi. Chombo kikubwa cha Bwana Mori kilikuja kukua humo, kidogo kidogo, hakikuzuka siku moja.

"Na yeye wa wapi?"

"Wa wazee," Rayya akafasiri. "Theravada, ndiyo maana yake. Mtoto wa mfalme mmoja wa Bara Hindi aliipeleka Lanka. Halafu ikaja njaa, watawa waliohifadhi wakawa wanakufa, ndipo wakaandika juu ya majani ya mtende wa kwao, isipotee."

Mimi sikusoma, nilichonacho nimekihifadhi kichwani, najua khofu ya kufa nacho.

Tulikuwa tumeshaipita Sinaw, saa tatu na dakika chache, tulipokuta mstari wa magari. Mvua ilinyesha milimani usiku, na wadi, bonde lililo kavu siku zote, imeshuka maji. Maji ya rangi ya chai, mapana, yanabeba magogo.

"Baba, tugeuke," Rayya akasema. "Turudi Izki, tuzunguke Bidbid. Tukigeuka sasa hivi tutawahi, kwa dakika."

"Maji haya nayajua. Saa moja yamekwisha."

"Baba, ile maji hata haijashuka kidole."

"Nimesema nayajua."

Nilikuwa siyajui. Saa nne ikapita, saa tano ikafika, na wadi ndiyo kwanza inanguruma. Sasa hata Bidbid haisaidii. Nikamfikiria Kusuma kwenye kiti chake na vyungu. Nikashika simu kumpigia binamu yangu, anayeadhini msikiti wetu, nimwombe asubiri robo saa tu. Rayya akamwambia mzee ninachofanya. Mzee akaonyesha juu kwa kidole: yeye hafuati muadhini, anafuata jua. Nikaiweka simu. Nilishukuru kuzuiwa.

Saa tano na nusu nikashuka garini. Nikamwambia Rayya, "Mpigie Kusuma, umuulize: nikitoa mimi hapa, kwa niaba yake, inafika?"

Rayya akauliza, Kusuma akamuuliza mzee kwa lugha yao. Nilisikia sauti yake ikipanda na kukatika. Kisha Rayya akasema, "Inafika. Lakini kwa mkono wako, na kwa moyo."

Chakula sinacho. Mimi, ambaye tangu nilipoacha saruji sijaomba mtu hata moto wa sigara, nikaenda gari kwa gari kuomba. Watu walikuwa wanatoka sokoni Sinaw. Bedui mmoja mwenye mbuzi wawili kwenye pikapu akamchungulia mzee.

"Yule kavaa ihramu? Anakwenda umra kwa njia ya Ibra?"

"Ni mtawa wa Mabudha. Mwanamke wa nyumbani kwangu kafiwa na mama yake, leo siku ya saba. Lazima huyu ale kabla jua halijapinduka."

Bedui akatizama jua, akatizama saa. "Dakika ishirini hizo! Unangoja nini?" Akapiga kelele kwa mkewe. Ukatoka mkate mwembamba wa asubuhi na laban, maziwa ya mtindi. Gari la nyuma wakatoa mayai ya kuchemsha. Mzee mmoja wa Mudhaibi akafungua kopo lake jipya la asali, hata hakunijua jina. Wengine tende, tende, tende.

Tukatandika mkeka chini ya mgunga. Nikavua viatu. Nikaweka chakula bakulini kwa mikono miwili, kitu baada ya kitu. Mzee akaniuliza: kwa ajili ya nani?

Nikafungua mdomo, nikaona sina jina. Miaka ishirini na mbili Kusuma kanipikia, kamuuguza mama mkwe wangu, kawalea wanangu, nami sijapata kumuuliza mama yake anaitwa nani. Nikaichukua simu mwenyewe.

"Kusuma, mama yako jina lake nani?"

"Somawati, Baba."

"Kwa ajili ya Somawati," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti, wote wasikie.

Mzee akaniambia nimimine maji kutoka chupani katika kikombe, polepole, mpaka kijae na kimwagike, ndivyo thawabu inavyomfikia marehemu. Yeye anasoma, Kusuma anaitikia kwenye simu, na mimi namimina. Bedui na wenzake walisimama kando, mikono imefungwa. Maji yakafurika yakanywewa na mchanga.

Kisha akala, hakufanya pupa. Alipofunika bakuli bado kivuli cha mgunga hakijageuka. Haikupita muda, simu ya mtu ikaadhini, sisi tukapanga safu pale pale, yeye kakaa mkekani anatungoja.

IBRA

Wadi ilitupisha saa nane. Tulifika alasiri. Kusuma alikuwa sebuleni kitini, kavaa nyeupe, na vyungu vyake kwenye meza havijaguswa. Alijilazimisha kusimama, Zuwena kamshika huku na huku, akamwinamia mzee alivyoweza. Mzee akakaa naye akazungumza naye muda mrefu. Vyungu tukavigawa kwa majirani pamoja na beberu.

Walipokwisha kuzungumza, Kusuma akaniita.

"Baba, alikula nini?"

Niliona haya. Alikuna nazi siku mbili. "Mkate wa Mabedui," nikasema. "Laban. Mayai mawili, asali kidogo. Na tende, nyingi."

Akanitazama. Machozi yakaja, yale aliyoyazuia tangu Ijumaa, na katikati yake akacheka.

"Mama yangu hajapata kuonja tende maisha yake," akasema. "Kila mwaka nampelekea, anawapa watoto. Leo kaonja."